Kufuata Maji: Mwongozo Kamili wa Chemchemi, Mapango na Vijiji vya Bonde la Célé, Ufaransa

Mto Célé uko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika mkoa wa Lot. Si mto mkubwa. Unatoka upande wa milima ya Cantal, unapita mji wa Figeac, kisha unajipenyeza kati ya majabali ya rangi ya maziwa na kutu mpaka unapoungana na mto Lot karibu na kijiji cha Bouziès. Kwa gari, usiposimama popote, bonde lote kutoka Figeac unalimaliza kwa saa moja na kitu. Wageni wengi hufanya hivyo hivyo: wanaingia pango moja mashuhuri, wanapiga picha kijiji kimoja mashuhuri, jioni wako Toulouse.

Mimi nakuomba uchukue siku nne na ufuate maji. Bonde hili lote limejengwa na maji usiyoyaona. Ukijua yanakoingia ardhini, yanakopita na yanakotokea, utaelewa kwa nini kijiji kimekaa pale kilipo, kwa nini pango liko juu ya mlima badala ya chini, na kwa nini wachungaji wa huko juu walichonga mawe ili kondoo wapate kunywa.

Hatua ya 1: Elewa maji yanavyokwenda

Kila upande wa bonde kuna nyanda za juu za mawe ya chokaa. Wenyeji wanaziita causse. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni pale Tanga anayajua mawe haya, maana yote mawili ni chokaa ya enzi ya Jurasiki. Mvua ikinyesha hubeba kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na zaidi kutoka kwenye udongo, ikawa na uchachu kidogo. Uchachu huo hula jiwe kwenye nyufa, pole pole, kwa maelfu ya miaka. Ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa pango. Ndiyo maana juu ya causse unaweza kutembea asubuhi nzima bila kuvuka hata kijito: maji yamekwenda chini kwa chini, na yatatokea tena kwenye miguu ya majabali, karibu na usawa wa mto. Mapango makavu unayoyaona juu ni njia za zamani za maji hayo, tangu wakati mto haujachimba bonde lake kufikia kina cha leo.

Kariri maneno manne ya Kifaransa, kwa kuwa utayakuta kwenye ramani na vibao. *Perte* ni mahali mto unapomezwa na ardhi. *Igue* ni neno la huku huku kwa shimo lililofunguka ardhini, lenye kuta za kusimama wima. *Grotte* ni pango. *Source* ni chemchemi, na ile inayotoa mto uliokuwa umepotea chini ya ardhi huitwa *résurgence*.

Sasa kisa ambacho kila mgeni wa huku anapaswa kukijua. Mwaka 1891 mchunguzi wa mapango Édouard-Alfred Martel, aliyekuwa ameshuka shimo kubwa la Padirac miaka miwili kabla, alikuwa akichunguza mashimo ya mkoa huu wa Lot. Yeye na watu aliokuwa nao wakanywa maji ya chemchemi ya Berrie. Yalikuwa maangavu, ya baridi, hayana harufu. Wakaugua. Martel alipofuatilia aligundua kwamba juu, ndani ya igue inayolisha chemchemi hiyo, kulikuwa na mzoga wa ndama. Chokaa haichuji maji kama mchanga unavyoyachuja, inayapitisha tu. Miaka 11 baadaye sheria ya afya ya umma ya Februari 1902 ikapiga marufuku kutupa mizoga kwenye mashimo ya aina hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya safari: usinywe maji ya chemchemi yoyote ya bonde hili, hata yawe safi kiasi gani machoni. Bomba lenye kibao cha *eau potable* ni salama. Likiandikwa *eau non potable*, nawa uso na uende zako.

Hatua ya 2: Shika nafasi ya Pech Merle kabla ya kitu kingine

Pango la Pech Merle, lenye michoro ya watu wa kale, liko juu ya kijiji cha Cabrerets, na ratiba yako yote itazunguka tarehe utakayopata huko. Wanaingiza watu wasiozidi 700 kwa siku, kwa vikundi na kiongozi, ili pumzi na joto la miili visiharibu picha. Hofu hiyo ina msingi: Lascaux, pango mashuhuri kuliko yote Ufaransa, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu ya madhara ya wageni, na leo watalii huko wanaona nakala. Pech Merle bado unaona picha zenyewe. Julai na Agosti tiketi huisha mapema, basi nunua kwenye tovuti yao wiki kadhaa kabla. Majira ya baridi pango hufungwa.

Kwa maoni yangu wakati mzuri ni Mei, Juni na Septemba. Agosti joto ni kali, barabara nyembamba zimejaa, na chemchemi nyingi zimepungua. Mwanzo wa Mei chemchemi zina nguvu na miti imechipua.

Ukishapata tarehe ndipo ushughulike na viza. Anayeomba viza ya Schengen akiwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Maskati anaruhusiwa kuwasilisha maombi hadi miezi sita kabla ya safari. Usisubiri wiki za mwisho. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Hifadhi uthibitisho wa malazi ya kila usiku, hata kama ni nyumba ndogo ya wageni kijijini.

Hatua ya 3: Usafiri na mizigo

Treni ya kutoka Paris, kituo cha Austerlitz, hukufikisha Cahors kwa kama saa tano. Ukishukia Toulouse kwa ndege, Cahors ni safari ya saa moja na zaidi kwa treni. Kuna basi la Cahors kwenda Figeac, lakini linafuata bonde la mto Lot. Ndani ya bonde la Célé mabasi ni haba mno. Basi una njia mbili za kweli: kukodi gari, au kutembea kwa miguu.

Kwa gari, pata leseni ya kimataifa kabla hujaondoka nyumbani. Ufaransa wanaendesha upande wa kulia, na kuna sheria inayowashangaza wengi: penye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitokea kichochoroni. Barabara ya bonde ni D41. Kuna mahali inapita chini kabisa ya jabali lililoinama juu yake. Endesha taratibu, kuna baiskeli na matrekta. Jaza mafuta Figeac au Cahors.

Kwa miguu, kuna njia inayoitwa GR 651. Ni tawi la njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania. Inaachana na njia kuu ya GR 65 karibu na Béduer na kufuata Célé mpaka Bouziès. Alama zake ni mistari miwili, mweupe juu ya mwekundu, iliyopakwa kwenye miti na mawe. Ukiona mistari hiyo imepishana kama msalaba, umekosea njia, rudi. Vijijini kuna nyumba za wapita njia, *gîte d'étape*, zenye vitanda vya pamoja na mara nyingi chakula cha jioni. Piga simu siku moja au mbili kabla.

Mizigo: viatu vyenye kukanyaga vizuri kwenye mawe yenye utelezi, sweta hata kama nje ni nyuzi 35 (pangoni ni kama nyuzi 12 mwaka mzima), tochi ya kichwani, chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa kila mtu, na kibanio kidogo cha kutolea kupe. Kupe wa huku wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni.

Jambo la ramani nalisisitiza. Nunua ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, au itazame bure kwenye tovuti ya Géoportail kabla ya kutoka. Simu itakukatikia ukiwa bondeni katikati ya majabali.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, anzia juu

Lala Figeac. Ni mji alikozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822. Nyuma ya makumbusho yake kuna uwanja mdogo ambao sakafu yake ni nakala kubwa mno ya Jiwe la Rosetta, jiwe la kale lililomsaidia kuyafumbua maandishi hayo, kazi ya msanii Joseph Kosuth. Mtu anatembea juu ya maandishi. Nenda asubuhi mapema kabla ya watu.

Halafu panda causse ya Gramat. Simama kwanza Thémines. Hapo mto Ouysse, mto kamili, unafika kijijini na kuingia ardhini. Utautafuta ng'ambo hutauona. Unatokea tena mbali magharibi, karibu na mji wa hija wa Rocamadour, kwenye mabwawa ya kijani ya Cabouy na Saint-Sauveur. Wataalamu huthibitisha njia za namna hii kwa kumwaga rangi isiyodhuru juu na kusubiri chemchemi ipi itabadilika rangi huku chini.

Endelea mpaka Caniac-du-Causse. Karibu na hapo kuna Igue ya Planagrèze, iliyozungushiwa uzio, na njia fupi ya kutembea yenye maelezo. Hapa ndipo pa kuangalia igue kwa usalama. Mashimo mengine yamejificha porini bila uzio wowote, na ukingo wake ni majani na mawe yaliyolegea. Ukiwa na watoto, shika mikono.

Eneo hilo hilo tafuta vidimbwi vilivyochongwa kwenye mwamba, vipana kama karai kubwa au zaidi. Vinaitwa vijiziwa vya Saint Namphaise, mtakatifu wa huku ambaye masimulizi yanasema alikuwa askari wa mfalme Charlemagne, akaacha vita na kuishi upweke msituni, akichonga mawe ili wachungaji wapate maji. Mbele ya kidimbwi hicho nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote pa siku ile. Mvua ya kutosha inanyesha, lakini ardhi haiishiki. Mtu anachonga jiwe kwa mkono ili ashike kiasi cha kundi moja la kondoo. Kondoo wenyewe utawaona: weupe, masikio meusi, na duara jeusi kuzunguka macho kama waliovaa miwani. Vibanda vya mawe yasiyo na saruji walimojikinga wachungaji navyo bado viko kwenye kuta za mashamba.

Hatua ya 5: Siku ya pili, sehemu ya juu ya bonde

Shuka kwenye D41 na uelekee magharibi. Espagnac-Sainte-Eulalie inakutaka uache barabara na uvuke daraja. Ni kijiji kidogo kilichozunguka iliyokuwa nyumba ya watawa wa kike, iliyopewa jina la Val-Paradis, Bonde la Peponi. Mnara wa kengele una chumba cha mbao na matofali juu yake, kama kibanda kilichopandishwa kileleni. Keti pale nusu saa usikilize mto.

Brengues na Saint-Sulpice zinafuata. Saint-Sulpice imejengwa chini ya jabali lililoinama, na nyumba nyingine zinatumia mwamba kama ukuta wa nyuma. Inua macho: hapa na pale juu ya jabali kuna ukuta wa mawe umeziba mdomo wa pango, wenye dirisha au mlango usio na ngazi. Ndizo ngome zinazoitwa *Châteaux des Anglais*, Ngome za Waingereza, jina lililobaki tangu Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, ingawa baadhi ya kuta ni za kabla ya vita hivyo. Watu walitumia njia za kale za maji kama mahali pa kujificha. Usijaribu kuzipanda, mawe yamechakaa na sehemu nyingi ni mali ya watu.

Marcilhac-sur-Célé ni mahali pa kulala. Abasia yake, yaani makao ya watawa, ya Wabenedikto ilikuwa tajiri kiasi cha kugombea Rocamadour na watawa wa Tulle. Ikaharibiwa katika Vita vya Miaka Mia na haikurudi kuwa ilivyokuwa. Leo nusu ya kanisa haina paa: unaingia mlangoni, unakuta nguzo, upinde na anga. Juu ya mlango wa kusini kuna mchongo wa Siku ya Hukumu, wa zamani sana, uliochongwa kwa mkono usio na madaha. Majira ya joto unaweza kukodi mtumbwi kwenye bonde hili, lakini uliza kwanza kina cha maji. Mwisho wa Agosti utakuwa unauburuta juu ya mawe.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, chemchemi kubwa na farasi wenye madoa

Kati ya Marcilhac na Sauliac kuna Ressel. Ukipita barabarani huwezi kuijua: mdomo wake uko ndani ya mto wenyewe, chini ya maji. Wapiga mbizi wa mapangoni wanakuja kutoka nchi mbalimbali za Ulaya kwa ajili ya njia yake ndefu iliyojaa maji. Ukikuta magari yenye mitungi ya hewa ukingoni, wasalimie na uangalie wanavyojiandaa, ni somo tosha. Asiye na mafunzo maalumu ya kupiga mbizi pangoni asiingie hata mita moja. Cheti cha kupiga mbizi baharini, hata cha Pemba au Mafia, hakitoshi: ndani ya pango huwezi kupanda juu kutafuta hewa.

Sauliac ina nyumba zilizobanwa na jabali, na katika eneo lake kuna Cuzals, makumbusho ya wazi ya maisha ya wakulima wa Quercy, jina la kale la eneo hili. Nenda kama una watoto au unapenda zana za zamani.

Chemchemi ninayoipenda kuliko zote ni Pescalerie, muda mfupi kabla hujafika Cabrerets. Maji yanatoka kwenye ukuta wa mwamba kando ya barabara, mengi kwa mkupuo mmoja, yanapita penye kinu cha zamani kilichofunikwa na mitambaazi na kuingia Célé hapo hapo. Hakuna mwendo wa mto kabla yake. Mto unazaliwa ukiwa mzima. Pita hapo mara mbili ukiweza, siku ya ukavu na siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Maji ya mara ya pili yataongezeka na kuchafuka, na tope hilo ni udongo wa causse uliokanyaga siku ya kwanza.

Kisha Pech Merle. Mwaka 1922 vijana wawili wa hapo, André David na Henri Dutertre, waliingia wakitambaa na kufika kwenye kumbi zenye picha. Padri wa Cabrerets, Amédée Lemozi, aliyekuwa mtafiti wa mapango, ndiye aliyekuwa amewatia hamu. Pango likafunguliwa kwa umma mwaka 1926.

Utaona mengi: michoro ya mamothi (tembo wa kale wenye manyoya), nyayo za kijana zilizobaki kwenye udongo uliogeuka jiwe, mzizi wa mwaloni ulioshuka kutoka juu ukatoboa paa la pango ukitafuta maji. Lakini watu wote hunyamaza mbele ya farasi wawili wenye madoa. Makaa yaliyotumika kuchora mmoja wao yamepimwa, na umri wake ni kama miaka 29,000. Mchoraji aliona kwanza umbo la jiwe, kwani ukingo wa mwamba upande wa kulia una umbo la kichwa cha farasi, akamfuata. Mwanaakiolojia Michel Lorblanchet alijaribu mwenyewe kurudia kazi hiyo kwa kutafuna rangi na kuitema ukutani, akitumia kiganja kama kizuizi, akaonyesha kwamba inawezekana. Kuzunguka farasi kuna alama za viganja zilizopatikana kwa namna hiyo hiyo. Kwa muda mrefu wengine waliyaona madoa kuwa ni ya kubuni au ya ibada, hadi mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ulipoonyesha kwamba farasi wenye madoa walikuwapo kweli enzi hizo.

Usiguse kitu. Mwaka 1952 mshairi André Breton aligusa mchoro mmoja humu kwa kidole ili ajue kama ni wa kweli. Ukazuka ugomvi, akafikishwa mahakamani na kutozwa faini. Toka ukiwa na nafasi ya kuona makumbusho madogo yaliyo pembeni, yanasaidia kupanga uliyoyaona.

Kama unataka kuingia mapango mengine

Padirac, kaskazini, ni rahisi kwa kila mtu: shimo la kina cha mita 75, unashuka kwa lifti au ngazi, kisha unapanda mashua kwenye mto wa chini ya ardhi. Nako shika nafasi mapema.

Mapango yasiyo na lango wala tiketi ni habari nyingine. Nenda na kiongozi mwenye leseni, au na klabu iliyo chini ya shirikisho la wachunguza mapango la Ufaransa. Usiingie mvua inapotabiriwa, hata kama mahali ulipo ni pakavu, maana maji yanatoka mbali na hayatangazi. Kofia ngumu, taa tatu kwa kila mtu, na mtu wa nje anayejua mmeingia wapi na mtatoka saa ngapi. Majira ya baridi popo wamelala. Kuwaamsha kunaweza kuwaua, kwa kuwa wanamaliza akiba ya mafuta mwilini. Kukitokea ajali piga 112.

Kutafuta chemchemi zako mwenyewe

Kwenye ramani ya IGN mambo ya maji yameandikwa kwa buluu. Fuata mguu wa jabali kwa kidole na utafute mistari mifupi ya buluu inayoanzia ghafla, bila mto nyuma yake. Angalia majina pia: *font* na *fontaine* huashiria maji. Kijijini, tafuta birika la mawe la kufulia nguo, *lavoir*. Mara nyingi chemchemi iko hatua chache juu yake. Na ukimkuta mzee bustanini, muulize.

Hapo salamu ndiyo ufunguo, na Mswahili hana shida ya kujifunza hili. Ukiingia dukani, bekari au ukipishana na mtu njiani, sema *bonjour* kwanza, pamoja na *madame* au *monsieur*, kisha nyamaza upate jibu, ndipo uulize. Anayeanza na swali anaonekana hana adabu, kama ilivyo kwetu. Njia ikipita penye mali ya mtu, omba ruhusa. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Chakula

Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, kama saa sita hadi saa nane, na mengine siku nzima ya Jumapili au Jumatatu. Mikahawa haipiki baada ya saa nane mchana. Nunua mkate asubuhi.

Kwa Waislamu: huku bata na nguruwe ndio jikoni. Saladi hubeba *lardons*, vipande vya nguruwe, bila kutangaza kwa herufi kubwa, na viazi hukaangwa kwa mafuta ya bata. Uliza kabla ya kuagiza. Waliokwenda na gari wanaweza kununua nyama ya halali Toulouse na kuibeba kwenye kisanduku cha barafu, wakapanga nyumba yenye jiko. Samaki aina ya *truite* hupatikana, na jozi, kokwa za mti wa *noyer*, za huku ni tamu. Rocamadour, jibini ndogo ya maziwa ya mbuzi, bapa kama sarafu kubwa, ile na mkate wa moto. Anayechunga halali aulize kwanza kimeng'enya kilichogandishia maziwa.

Hatua ya 7: Siku ya nne, hadi maji yanapokutana

Célé inaishia Conduché, inapoingia Lot. Egesha Bouziès, ng'ambo ya mto, ufuate njia ya ukingoni kuelekea Saint-Cirq-Lapopie. Sehemu yake imechongwa ndani ya jabali lenyewe, kwenye usawa wa mto, ili watu na wanyama waweze kuvuta mashua kwa kamba. Sikia mwangwi wa nyayo zako chini ya paa la jiwe. Kuna mchongo mrefu wa Daniel Monnier ukutani, wa viumbe vya majini. Ni wa miaka ya karibuni lakini unakaa vizuri pale.

Kisha panda Saint-Cirq. Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni; katikati ya mchana wa kiangazi vichochoro havipitiki. Mafundi wa hapa waliishi kwa kukereza mbao, wakitengeneza bomba za mapipa ya mvinyo. Breton yule wa pangoni alinunua nyumba hapa na kupenda kukaa kila kiangazi.

Ukirudi Cahors, usiende stesheni moja kwa moja. Vuka daraja la Valentré, la karne ya 14, na ugeuke kushoto ukingoni. Utakuta bwawa la buluu iliyokolea likitoka chini ya jabali. Ni Fontaine des Chartreux. Mji ulianza kwa ajili yake: Warumi waliuita Divona, jina la chemchemi takatifu, na wapiga mbizi wamekuta humo sarafu za kale zilizotupwa kama sadaka. Maji yake yakishasafishwa ndiyo yanayokwenda kwenye mabomba ya Cahors. Ingia mkahawa wowote mjini, sema *bonjour*, uombe *une carafe d'eau*. Hawatozi. Baada ya siku nne za kuyatazama tu, sasa unaweza kunywa.